Kurekebisha maungio ya bomba la PPR yanayovuja kwenye mfumo wa maji ya moto

Miezi ya Juni na Julai, Makete ikipigwa na sakitu na watu wa Njombe wakiota moto kabla ya kunywa chai, mafundi bomba wa Nyanda za Juu Kusini hupokea malalamiko ya aina moja: maji yanadondoka darini alfajiri, lakini ifikapo saa sita mchana pamekauka kabisa, na fundi anayefika saa nane huonekana ameitwa bure. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni pale Makambako aliniambia, "Fundi, hili bomba lenu linavuja kwa zamu," na kwa maneno hayo alikuwa amelieleza tatizo vizuri kuliko mafundi wawili walionitangulia, ambao kila mmoja alipaka gundi juu ya ungio, akachukua chake na kuondoka.

Mwongozo huu unahusu bomba la PPR, yaani lile la plastiki ngumu ya kijani, nyeupe au kijivu linalounganishwa kwa kuyeyushwa, likiwa limetumika kupeleka maji ya moto kutoka kwenye sola, hita ya umeme au pipa la kuni hadi bafuni na jikoni. Umeandikwa kwa fundi anayeanza na kwa mwenye nyumba anayetaka kujua fundi wake anafanya nini huko darini. Msimamo wangu niuseme mapema: ungio la PPR lililochomelewa likishavuja haliponi kwa kupakwa kitu kwa nje. Hukatwa na kutupwa, likawekwa jipya. Lakini ukilikata kabla ya kujua nini kililivunja, utarudi kulikata tena msimu ujao wa baridi.

Kwa nini linavuja alfajiri

Plastiki hutanuka na kusinyaa kuliko chuma, tena kwa tofauti kubwa. Mita moja ya PPR ya kawaida hurefuka kwa milimita 0.15 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka, wakati chuma hurefuka kwa milimita 0.012 tu. Ile nyumba ya Makambako ilikuwa na bomba la mita 12 lililonyooka juu ya dari, kutoka kwenye hita hadi vyumba vya mwisho. Alfajiri bomba lilikuwa kwenye nyuzi 8 hivi. Wageni walipoanza kuoga, lilifika nyuzi 63. Zidisha mita 12 kwa tofauti ya nyuzi 55, kisha kwa 0.15, utapata milimita 99. Bomba lile lilikuwa linataka kurefuka kwa karibu sentimita 10 kila asubuhi na kurudi kila usiku, nalo lilikuwa limebanwa kwa kleni (vibanio) za chuma ncha zote mbili kana kwamba ni nondo.

Bomba lililobanwa namna hiyo, likipata moto, hupinda katikati kama upinde, nalo likipoa huvuta maungio ya ncha zake. Ungio lililochomelewa vizuri huvumilia mvuto huo kwa miaka mingi. Lililochomelewa kwa haraka, au lenye uzi wa shaba (meno ya kukazia kama ya skrubu) uliokazwa kupita kiasi, hufunguka ufa mwembamba kama unywele, ufa ambao hujifunga plastiki ikitanuka mchana na kufunguka tena usiku. Ndiyo zamu aliyoiona yule mama. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwuliza mwenye nyumba ni saa: linavuja wakati gani? Ungio linalovuja likiwa baridi tu linakuonyesha kwamba kuna mvuto. Linalovuja likiwa na moto tu huwa mara nyingi ni mahali palipolegea kwa joto, hasa kwenye yunioni (ungio la nusu mbili zinazokutanishwa kwa nati) na nati za plastiki. Linalovuja saa zote limepasuka au halikuwahi kushika.

Kuhakikisha ni bomba gani na ni ungio gani

Kabla ya kununua chochote, soma maandishi yaliyopigwa ubavuni mwa bomba. Ukiona 25×4.2 na PN20 (PN ni daraja la shinikizo ambalo bomba hubeba), hilo ni bomba la milimita 25 kwa nje lenye ukuta wa milimita 4.2, ambalo madukani huitwa robo tatu, nalo linafaa kwa maji ya moto. Nusu inchi huandikwa 20×3.4, na inchi moja 32×5.4. Ukiona 25×2.3 na PN10, umepata chanzo cha ugonjwa bila kuendelea kutafuta, kwa sababu hilo ni bomba la maji baridi lenye ukuta mwembamba, na hakuna ungio utakaloliweka juu yake likadumu na maji ya moto. Ushauri wangu hapo ni mkali kidogo: usitengeneze, badilisha njia nzima. Ni hivyo hivyo kwa PVC iliyounganishwa kwa gundi, ambayo hulainika na kulegea kwa joto la maji ya kuogea. Bado naikuta kwenye nyumba nzuri tu, ikiwa imebonyea kati ya mbao za dari kama kamba ya kuanikia nguo.

Kutafuta ungio lenyewe kunahitaji subira. Maji hayadondoki pale yanapotokea. Hutambaa chini ya bomba hadi mahali palipo chini zaidi au kwenye kleni, ndipo yakaanguka. Panda darini alfajiri ukiwa na tochi, kitambaa kikavu na kipande cha chaki. Kausha bomba lote kwa kitambaa, kisha lipake chaki kwa chini kuanzia mahali panapodondoka kurudi nyuma kuelekea hita, ukipitia kila ungio. Subiri dakika 15. Chaki iliyolowa hubadilika rangi, na mwanzo wa ule mstari uliolowa ndio ungio lako. Usichanganye na jasho: bomba la maji baridi linalopita karibu na la moto hutoa unyevu wa hewa juu yake, hasa darini mwa bafu, na unyevu huo huonekana umetapakaa bomba zima kama vumbi la maji, wala hauna mwanzo.

Ukishalipata, litazame kwa karibu kabla ya kuligusa. Katika ungio zuri la kuchomelea utaona pete mbili za plastiki zilizofinyangwa zikizunguka bomba lote pale linapoingia kwenye soketi (tundu la ungio linalopokea bomba). Pete ikiwa imekatika upande mmoja, bomba liliingizwa likiwa limepinda au upande huo haukupata moto. Pete isipoonekana kabisa, mashine haikuwa na moto wa kutosha. Pete ikiwa nene na iliyovimba kama donda, bomba liliyeyushwa mno, na yaelekea ndani tundu limezibwa nusu. Ndiyo maana bafu la mwisho hulalamikia maji madogo pia. Nimewahi kukata elbo (ungio la kona) ya nusu inchi nikakuta tundu lililobaki haliingizi penseli.

Vifaa

Utahitaji mashine ya kuyeyushia PPR pamoja na vichwa vyake vya ukubwa unaofaa, mkasi wa kukatia bomba, kalamu ya kuwekea alama, tepu ya kupimia, spiriti na kitambaa safi kisichotoa nyuzi, spana mbili za bomba, tepu nyeupe ya kufungia nyuzi, pamoja na soketi, elbo na yunioni za kubadilishia. Mwanjelwa pale Mbeya, na madukani Iringa na Njombe mjini, vipuri hivi vipo tele, ila chukua kipande cha bomba la zamani mfukoni na ukilinganishe dukani, kwa kuwa vipuri vya bei ya chini sana hutofautiana vipimo, na soketi ambayo bomba baridi linaingia lote bila kuyeyushwa haifai kitu. Soketi sahihi hulikataa bomba baridi. Hulikubali kwa moto tu.

Gundi ya PVC, gundi za mchanganyiko wa mirija miwili, na ule utepe wa mpira ambao watu hufungia bomba la bustani, viache dukani. PPR ni ndugu wa ndoo ya plastiki: hakuna gundi ya kawaida inayoishika, na kila inayopakwa hubanduka kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa.

Kuzima na kumwaga

Zima hita kwenye swichi kuu ya ubao wa umeme, usitegemee swichi ya ukutani peke yake, kisha acha maji yapoe au yafungulie bafuni hadi yatoke vuguvugu. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi vibaya ndani ya sekunde 5 hivi, na juu ya ngazi hakuna pa kukimbilia. Funga koki inayoingiza maji baridi kwenye hita, fungua bomba la chini kabisa ndani ya nyumba, na fungua la juu pia ili hewa iingie na maji yashuke.

Sola yenye mirija ya vioo ina sharti lake. Usiimwage mchana jua likiwaka, kwa sababu mirija isiyo na maji hupata joto la zaidi ya nyuzi 200, na maji baridi yakirudishwa humo vioo hupasuka. Fanya kazi alfajiri au jioni, au ifunike mirija kwa turubai tangu asubuhi na usiifunue mpaka maji yamerudi. Ikiwezekana, acha tangi la sola likiwa na maji yake na ufunge koki inayotoka kwake pekee. Kama koki hiyo haipo, hii ndiyo siku ya kuiweka.

Bomba lazima liwe kavu kabisa pale utakapoyeyusha. Tone moja likifika kwenye plastiki iliyoyeyuka hugeuka mvuke na kuacha tundu usiloliona. Kama koki ya zamani haifungi vizuri na maji yanaendelea kuchuruzika kidogo kidogo, fungua yunioni iliyo karibu na uyaelekeze maji kwenye ndoo. Ikishindikana, sukuma ndani ya bomba bonge la sehemu laini ya mkate, umbali wa sentimita 20 kutoka unapofanyia kazi. Litazuia maji kwa dakika chache na baadaye litasagika na kutoka. Ila ondoa kwanza vichujio vya bomba na vichwa vya mabafu, usije ukatumia jioni yako kutoa makombo ya mkate kwenye matundu ya bafu.

Kukata na kuchomelea upya

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo haraka huharibu. Washa mashine kwanza, uipe muda ifike nyuzi 260, na isubiri taa yake izime na kuwaka tena angalau mara moja, kwa kuwa mara ya kwanza vichwa huwa havijapata moto sawasawa ijapokuwa mashine inadai tayari. Umeme ukiwa mdogo, kama unavyokuwa jioni sehemu nyingi, au jenereta ikiwa ndogo kuliko mashine, joto halitafika na taa itakudanganya. Mashine nyingi hutumia kati ya wati 600 na 1,500. Soma iliyoandikwa kwenye yako. Jaribu kwenye kipande cha bomba chakavu, kisha kikate kwa urefu na utazame: plastiki ya bomba na ya soketi inapaswa kuwa kitu kimoja, bila mstari kati yake.

Kata ungio bovu pamoja na sentimita 5 za bomba kila upande. Usibakize plastiki iliyokwisha kuyeyushwa mara moja. Kata kwa mkasi, ukiuzungusha kidogo ili ncha iwe mraba. Msumeno hufaa ukikosa mkasi, ila ondoa vinyuzi vyote kwa kisu, kwani vinyuzi hivyo ndivyo baadaye huziba vichujio. Kama bomba lina tabaka la alumini karibu na ngozi ya nje, tabaka hilo hulazimika kukwanguliwa kwa chombo chake hadi plastiki tupu ionekane. Bila hivyo bomba halishikani na soketi, wala hakuna ujanja mwingine.

Weka alama ya kina cha kuingiza: milimita 14 kwa bomba la 20, milimita 16 kwa la 25, na milimita 18 kwa la 32. Chora pia mstari mmoja unaopita kwenye bomba na kwenye elbo ili ujue zitakaaje, maana ukishaunganisha huna ruhusa ya kuzungusha. Futa ncha zote mbili kwa spiriti, na usizishike tena kwa vidole. Mafuta ya mkono ni uchafu kama uchafu mwingine.

Sasa sukuma bomba kwenye kichwa jike na elbo kwenye kichwa dume kwa wakati mmoja, moja kwa moja bila kupinda, hadi kwenye alama. Anza kuhesabu zikishafika mwisho, wala si zinapoanza kuingia. Bomba la 20 huhitaji sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Vitoe vyote pamoja, na ndani ya sekunde 4 viunganishe kwa msukumo mmoja wa taratibu hadi kwenye alama (kwa bomba la 32 unazo sekunde 6). Una nafasi ndogo sana ya kunyoosha kama pamepinda, nyuzi chache tu za pembe, nayo ni katika sekunde mbili tatu za mwanzo. Shikilia bila kutikisa kwa sekunde 10, kisha uache pumziko la dakika 2 kwa bomba la 20 na la 25, na dakika 4 kwa la 32, kabla ya kulivuta au kulilazimisha kwa namna yoyote. Usipoze kwa maji wala kitambaa chenye maji.

Hesabu hizo ni za hali ya hewa ya kawaida. Huku kwetu kuna asubuhi ambazo joto la nje huwa chini ya nyuzi 5, na hapo muda wa kuyeyusha huongezwa kwa nusu, yaani sekunde 7 zinakuwa 10 au 11. Upepo wa Uyole au wa Kitulo ukipuliza kwenye kichwa cha mashine hukipoza upande mmoja, nao ndio upande ambao pete itakatika. Kaa mgongo kwa upepo, weka turubai, au subiri saa tatu asubuhi. Binafsi, nikifanya kazi juu ya paa Makete, sianzi kabla ya jua kupiga bati.

Shida ya kweli huja kwenye ungio la mwisho. Ukiweka kipande kipya katikati ya njia iliyobanwa, lazima kwa muda fulani utenganishe ncha mbili kiasi cha kuingiza mashine na vichwa vyake kati yake, halafu uzirudishe. Hilo linahitaji bomba liweze kusogea sentimita 7 au 8. Fungua kleni za pande zote mbili kwa umbali wa mita mbili tatu, na bomba litakupa nafasi hiyo kwa kupinda kidogo. Kama liko ndani ya ukuta au limebanana kwenye kona, tumia yunioni: nusu zake mbili huchomelewa kila moja peke yake kwenye ncha yake, kisha nati huzikutanisha uso kwa uso. Yunioni ina wosha, na wosha itachoka siku moja, kwa hiyo iweke mahali ambapo mkono unafika. Yunioni iliyozikwa nyuma ya marumaru ni deni kwa fundi atakayekuja baada yako.

Kama kinachovuja ni tundu la msumari tu na ungio ni zima, si lazima ukate. Kuna vijiti vya PPR vya kuzibia pamoja na kichwa chake maalumu cha mashine: tundu hupanuliwa kwa kekee hadi kipimo cha kijiti, vyote viwili huyeyushwa, kijiti huingizwa, na kikipoa hukatwa kikawa sawa na bomba.

Nyuzi za shaba na wosha

Nusu ya maungio mabovu ninayoyakuta hayana kosa la mashine hata kidogo. Ni yale yenye uzi wa shaba uliozungukwa na plastiki, yanayofunga bomba kwenye hita au kwenye koki. Kosa ni nguvu. Fundi hukaza kwa spana ya inchi 14 kana kwamba anafunga bomba la chuma, shaba inazunguka ndani ya plastiki, au plastiki inapata ufa usioonekana, na miezi mitatu baadaye linavuja. Adapta, yaani ungio hilo la uzi wa shaba, ikipata ufa hukatwa kama ungio jingine lolote. Mpya hufungwa hivi: zungusha tepu nyeupe kwenye uzi dume kufuata mwelekeo wa kukazia, ukiivuta ili izame kwenye mifereji, mizunguko 10 hadi 15 kwa nyuzi legevu zinazouzwa siku hizi, anza kwa mkono, kisha spana moja ishike adapta na nyingine ikaze koki, ili nguvu isiifikie plastiki. Ikishakaza vya kutosha iache hapo. Usiirudishe nyuma hata kidogo ili ikae mkao mzuri. Ukiirudisha, fungua yote na ufunge tepu upya. Nyuzi za katani pamoja na mafuta yake maalumu hufanya kazi nzuri pia, hasa kwenye shaba yenye uzi mkubwa, na wazee wa kazi hii hawatumii kingine. Choma adapta kwenye bomba baada ya kukaza uzi, wala si kabla, kila inapowezekana.

Kuhusu wosha za yunioni, zitoe zote. Nyingi hukatwa kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi, ambao kwa maji baridi hukaa miaka, lakini kwa maji ya moto hugeuka ngumu kama ukwaju uliokauka, na ukiukunja kwa vidole unapasuka. Weka wosha ya silikoni au ya EPDM (mpira unaostahimili maji ya moto), safisha kiti chake, na kaza kwa mkono kisha robo mzunguko kwa spana.

Bomba lipate pa kwenda

Sasa rudi kwenye zile sentimita 10. Dawa yake ni kulipa bomba sehemu moja tu iliyobanwa kabisa na kwingine kote liteleze. Pale Makambako nilibana bomba katikati ya urefu wake, kila upande ukabaki na mita 6 na mrefuko wa milimita 50 hivi, kisha kila mwisho nikaweka mkono wa kona, yaani elbo na kipande cha bomba kinachokwenda pembeni bila kubanwa, ili kona ipinde badala ya ungio kuvutwa. Urefu wa mkono huo hukadiriwa kwa kuzidisha kipenyo cha bomba kwa mrefuko, vyote kwa milimita, kutafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha kuzidisha kwa 20. Kwa bomba la 25 na mrefuko wa 50: 25 mara 50 ni 1,250, kipeuo chake cha pili ni 35 na kidogo, mara 20 ni milimita 707. Mkono wa sentimita 70 hadi 75 unatosha.

Kleni nyingine ziwe zile za plastiki zinazoshika bila kukaba, kila baada ya sentimita 60 hadi 70 kwa maji ya moto. Bomba lipitapo kwenye ukuta lipite ndani ya kipande cha bomba kubwa zaidi, lisigande kwenye saruji. Sehemu zilizo juani zifunikwe kwa sponji ya bomba na juu yake kitu cha kuzuia jua, kwa sababu mwanga wa jua huifanya PPR kuwa kavu na yenye kukatika. Sponji hiyo hiyo ndiyo itakayolilinda usiku wa sakitu.

Chunguza pia valvu ya usalama ya hita. Lita 100 za maji zikipashwa kutoka nyuzi 15 hadi 60 huongezeka kwa lita 1.6 hivi, na kama kuna valvu ya kuzuia maji yasirudi, ziada hiyo haina njia isipokuwa kudondokea kwenye valvu ya usalama. Watu huiona ikidondosha, hudhani ni mbovu, na huiziba kwa plagi. Matokeo yake shinikizo hupanda kila siku na ungio dhaifu kuliko yote hufunguka. Likikosa dhaifu, hufunguka hita yenyewe, na hapo tunazungumzia mlipuko. Ukiikuta imezibwa, iweke mpya kabla ya kugusa kitu kingine, na mrija wake uelekezwe nje.

Kwa wenye pipa la kuni, ambao Mufindi na Iringa ni wengi, mita mbili za kwanza kutoka motoni ziwe za bomba la chuma. PPR ya kila siku haipendi kuzidi nyuzi 70, ilhali maji hapa Mbeya, kwa mwinuko wa mita 1,700, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na mtunza moto akisahau kuni ndani, maji hayo yanayochemka hupigapiga bomba kama nyundo.

Kujaribu

Subiri saa moja baada ya ungio la mwisho. Fungua maji polepole huku bomba za juu zikiwa wazi ili hewa itoke, kisha zifunge. Shinikizo la tangi lako ni dogo kuliko unavyodhani: tangi lililo juu kwa mita 6 hutoa baa 0.6 tu, kwa hiyo ungio linaweza kupita jaribio hilo na bado liwe dhaifu. Mwenye pampu ya mkono ya kujaribia apandishe hadi mara moja na nusu ya shinikizo kubwa linalotumika, aangalie mshale kwa nusu saa, na kabla ya hapo afunge kabisa koki za hita na za sola, kwani matangi ya sola yasiyofungwa hayakuumbwa kubeba shinikizo na yatapasuka.

Kisha washa hita, yaache maji yafike joto lake la kila siku, yatumie, na yaache yapoe usiku kucha. Alfajiri panda na tochi, funga karatasi ya chooni kuzunguka kila ungio ulilogusa na majirani zake wawili, na uitazame baada ya robo saa. Rudia kwa asubuhi tatu. Karatasi ikilowa kwenye uzi wa shaba, funga maji, fungua uzi na ufunge tepu upya ungali baridi. Ikilowa kwenye ungio la kuchomelea, chukua mkasi.